Mwonjaji wa Mbege na Paa Lisilovuja

Hadithi hii nimetumiwa na mtu ambaye hakuniambia kwa nini amenichagua mimi. Nami nakutumia bila kukuambia. Kama unamjua mlevi, usimtumie peke yake ukamwandikia "soma hii", maana atakufuta kwenye simu yake leo leo. Itume kwenye kundi zima la ukoo, mwenyewe atajijua.

Palikuwa na mtu mmoja jina lake Ndekirwa. Kijiji chake kilikuwa kwenye miteremko ya mlima mrefu, kule ambako migomba na kahawa hukaa kivuli kimoja na mfereji wa maji hupita nyuma ya kila nyumba. Huko hakuna arusi, wala matanga, wala ubatizo bila mbege, ile pombe ya ndizi mbivu na ulezi. Na hakukuwa na mbege iliyoruhusiwa kunywewa kabla Ndekirwa hajaionja.

Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake. Mpishi wa pombe alianza kunywa funda moja mwenyewe, kuonyesha kwamba haina sumu. Kisha alimpa Ndekirwa kata, kibuyu cha kunywea, kwa mikono miwili. Ndekirwa alifumba macho, watu wakanyamaza hata watoto. Akisema "imeiva", vigelegele. Akisema "imechacha", ilimwagwa yote.

Siku moja alimwambia mama mmoja kwamba imechacha, na ilikuwa siku ya arusi. Mama yule aliimwaga mferejini mbele ya wageni, na msimu mzima hakuna aliyenunua tena kwake. Neno la mwonjaji halikuwa na rufaa.

Sasa mtu akiamka asubuhi akaenda kilabuni kwa miguu yake, tunamwita mlevi. Lakini akiitwa kwa heshima, nyumba hii mpaka ile, asubuhi mpaka jioni, akarudi kwake ameshikilia uzio asianguke, tunamwitaje? Kijijini walimwita mwonjaji. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akimvua viatu, hakumwita kitu.

Ndekirwa alikuwa na binti mmoja, Aikande, aliyeolewa kijiji cha pili. Aikande akajifungua mtoto wa kike, Haika, mjukuu wa kwanza wa nyumba ile. Ndekirwa alimpenda mtoto huyo kupita kiasi. Alipoletwa kusalimia, alimbeba toka asubuhi hakutaka kumpa mtu.

Na kwa kuwa alimpenda, alitaka watu wamwone. Akambeba kwenda naye kilabuni.

Wakati wa kurudi alipita kwenye ubao wa kuvukia mfereji. Mguu ukaenda kwingine na mwili kwingine. Yeye aliangukia ukingoni. Mtoto aliangukia majini.

Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo upande wa chini ndiye aliyemdaka. Haika alikohoa, akatapika maji, akalia. Watu wakasema Mungu mkubwa. Ndekirwa alibaki amekaa kwenye tope, anatazama mikono yake.

Kesho yake Aikande alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mtoto yuko wapi?"

"Yupo. Ila hutambeba."

"Aikande, niliteleza. Ubao ulikuwa umelowa."

"Ubao ulikuwa mkavu, baba. Nilikwenda kuutazama."

Aikande alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetereka. "Siku utakayokaa bila harufu ya pombe, na siku zikafuatana hivyo, nitakuletea mjukuu wako mwenyewe, umbebe mpaka uchoke. Lakini siku nitakayokuona na kata mdomoni, hata ya kuonja, mtoto huyu mhesabu hayupo. Sitamzika mwanangu ili wewe uitwe mwonjaji."

Akaondoka.

Alijaribu kuacha peke yake. Alikaa ndani, akatetemeka, akatoka jasho, akagombana na mkewe kwa sababu ya chumvi. Alipoitwa kuonja nyumba ya jirani alikwenda mbio kama mtu anayeitwa kuzima moto. Aliporudi alilia, na kilio cha mlevi hakuna anayekihesabu.

Akaenda zahanati, akasema anaumwa tumbo. Muuguzi alimtazama mikono, akamtazama macho.

"Mzee, kuna watu wanakutana Ijumaa jioni, kwenye chumba cha chekechea nyuma ya kanisa. Wanasaidiana kuacha."

"Kuacha nini?"

"Utawauliza wenyewe."

Ndekirwa akakohoa. "Nina rafiki yangu mmoja, nitamwambia."

"Mwambie rafiki yako awahi," muuguzi akasema, "viti ni vichache."

Ijumaa ilipofika alichukua panga na kamba, akapita njia ya kwenye migomba ili asionekane. Bahati mbaya haina adabu. Alikutana uso kwa uso na kaka yake mkubwa, Mzee Eliufoo, mkuu wa ukoo, mtu mwenye kofia ya pama na sauti ya kuamuru.

"Unakwenda wapi na kamba?"

"Kumkatia ng'ombe majani."

Eliufoo alicheka mpaka akashika mgomba. "Ng'ombe gani, Ndekirwa? Ng'ombe si ulimuuza mwaka jana, mimi nikiwa shahidi? Twende bwana, Mama Shose kapika leo."

Akamshika mkono. Ndekirwa angeweza kuuvuta mkono ule. Hakuuvuta. Jioni hiyo alikunywa mpaka akasahau kwamba alikuwa na safari.

Kijiji kizima kilicheka habari za ng'ombe wa Ndekirwa. Eliufoo aliisimulia kila alipokaa.

Ijumaa iliyofuata alikwenda tena, bila panga wala kamba. Alifika nyuma ya kanisa, akaukuta mlango wazi na watu wakizungumza kwa sauti ya chini. Alizunguka chumba kile, akatazama ukuta, akatazama juu, akazunguka tena. Mara ya mwisho akakuta mwanamke amesimama mlangoni anamwangalia.

Alimfahamu. Alikuwa Mama Manka, aliyewahi kuwa mpishi wa shule. Zamani mama huyu alikuwa akilala njiani watu wanamruka, kisha akaacha kuonekana njiani, na hakuna aliyejisumbua kuuliza sababu.

"Karibu, mzee."

Ndekirwa akasema neno la kwanza lililomjia. "Nimekuja kuangalia paa. Nimesikia linavuja."

Mabati yale yalikuwa mapya, yanang'aa. Mama Manka aliyatazama, akamtazama Ndekirwa, wala hakucheka.

"Tulikuwa tunakusubiri," akasema. "Ingia ukae kwanza. Paa haliangaliwi ukiwa umesimama."

Ndani kulikuwa na watu wachache wamekaa kwenye viti vya watoto wa chekechea, magoti yamegusa videvu. Ndekirwa alikaa karibu na mlango, shingo juu, akakagua mabati kwa bidii kubwa, huku masikio yake yakisikiliza.

Fundi baiskeli mmoja aliyeitwa Ringo alikuwa anasema jinsi alivyouza godoro mkewe akiwa hospitali. Alisema bila kujitetea. Hakuna aliyeguna. Hakuna aliyempa nasaha. Alipomaliza wakamwambia asante, chai ikapita, na mwingine akasema lake.

Ndekirwa hakuwahi kukaa mahali ambapo mtu anasema jambo kama lile na dunia isianguke.

Walipotawanyika, Mama Manka alimwuliza, "Paa umelionaje?"

"Inabidi nirudi Ijumaa. Sijaona vizuri upande ule."

"Sawa. Rudi."

Ikawa hivyo. Alirudi Ijumaa ile na nyingine, kila mara kuangalia paa. Siku moja alikuja amelewa, ananuka, anaona aibu, akasimama nje. Mama Manka akatoa kiti chake kidogo akakiweka pale pale kizingitini. "Paa linaonekana hata ukiwa hapo," akamwambia.

Hapo ndipo Ringo alipomwambia siri ya chumba kile. "Mimi mara ya kwanza nilikuja kutafuta spana yangu iliyopotea. Mama Manka alikuja kurudisha sufuria ambayo hakuna aliyemwazima. Mzee, hakuna aliyeingia kwa mlango huu na ukweli mkononi. Hatumnyang'anyi mtu uongo wake. Uongo ukimchosha, atautua mwenyewe."

Basi Ndekirwa akawa anakuja. Kidogo kidogo kiu ikaanza kulegea. Kwa waliomwita kuonja alisema ana vidonda vya tumbo, daktari kamkataza. Watu walimpa pole, wakamletea maziwa. Kahawa ilichanua, ikaweka punje, na harufu ya pombe ikamtoka mwilini. Mkewe alianza kumwita kwa jina lake la ujana. Aikande aliposikia alituma salamu.

Lakini mle chumbani Ndekirwa hakuwahi kusema lake. Alikuwa bado fundi wa paa.

Kisha Haika akaota meno.

Kwa ukoo ule, mtoto wa kwanza wa binti akiota meno huletwa kwa babu yake mzaa mama kubarikiwa. Babu hupewa kata ya mbege, hujaza kinywa, halafu humpulizia mtoto kifuani mbele ya watu wote. Babu akishindwa au akikataa, mzee mwingine hushika kata ile, na kuanzia siku hiyo huyo ndiye babu wa mtoto kwa ukoo. Mtoto atapelekwa kwake sikukuu zote, na siku ya kuolewa atatokea kwake.

Ndekirwa aliposikia siku imepangwa, alikaa akapiga hesabu. Akiweka kata mdomoni, binti yake atamchukua mtoto. Akiikataa, ukoo utampa mtoto mtu mwingine.

Alimfuata kaka yake. "Kaka, mimi nina vidonda. Nitambariki kwa maziwa."

"Vidonda viko tumboni, haviko mdomoni," Eliufoo akasema. "Nani kakwambia umeze? Hutameza. Utatema tu."

"Kaka…"

"Ndekirwa, baba yetu alibariki kwa mbege, na babu yetu vivyo hivyo. Wewe ni nani ubadilishe? Tena mwonjaji mzima! Watu watasema nini?"

Ijumaa ile, kwa mara ya kwanza, Ndekirwa hakuangalia juu. Aliuliza akiwa ameinama. "Kuna rafiki yangu mmoja. Akiweka mbege mdomoni akaitema, amekunywa au hajanywa?"

Ringo ndiye aliyejibu. "Mimi nilikuwa bingwa wa kutema. Nilitema, nikatema, mpaka wakaniokota mtaroni."

Watu wakacheka kidogo. Ndekirwa hakucheka. "Mwambieni rafiki yangu afanye nini?"

"Hatumpi mtu ruhusa hapa, wala hatumkatazi," Mama Manka akasema. "Ila mwambie rafiki yako kwamba siku hiyo tutakuja."

"Mje kufanya nini?"

"Kula ndizi, kama watu wengine."

Siku ikafika. Ua ulijaa. Mbuzi alichinjwa, ndizi zikapikwa na nyama, wazee wakakaa kwenye viti vya mbele, na Eliufoo akakaa katikati yao na kofia yake. Mama Manka na Ringo walikuja pamoja na wale wengine wachache, wakakaa karibu na jiko. Hakuna aliyejua wanajuana.

Aikande alikaa na Haika mapajani, karibu na mlango wa nyumba. Macho yake hayakuwa kwa mtoto. Yalikuwa kwenye mdomo wa baba yake, wala hayakupepesa.

Mama Shose akaleta kata. Alikuwa mjane, mpole, na mbege ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wanawe. Akanywa funda moja kama desturi, akaishika kata kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Pokea, baba. Nimeipika kwa ajili yako wewe."

Ndekirwa akaipokea.

Harufu ilimpanda puani. Hakuwa amekaribiana nayo tangu kahawa ilipochanua. Mate yakamjaa kinywani bila ya yeye kuyaita. Alijua kabla hajaionja kwamba hii ilikuwa mbege bora kuliko zote alizowahi kuzishika. Ulezi ulikuwa umekaa sawasawa, povu limetulia. Mbege ikacheza ukingoni mwa kata.

"Bariki tule," Eliufoo akasema.

Kata ikapanda. Ikafika kifuani. Ikafika kidevuni. Watu wakanyamaza kama zamani, hata watoto.

Aikande akamkumbatia Haika kwa nguvu. Alikuwa ameshaanza kuinuka.

Hapo uongo ukamjia Ndekirwa, mzuri, mwepesi, ulioiva kabisa. *Sema imechacha.* Akisema neno hilo tu, mbege yote itamwagwa. Hakuna atakayelazimishwa kuiweka mdomoni. Sherehe itaahirishwa, heshima yake itabaki, vidonda vya tumbo vitabaki, na mjukuu atabaki. Nani atambishia mwonjaji?

Akafungua mdomo. "Mbege hii ime…"

Akamwona Mama Shose. Alikuwa bado amepiga goti, uso umeinuliwa, anasubiri kusifiwa. Akamkumbuka yule mama mwingine aliyeimwaga yake mferejini siku ya arusi. Na leo, akiwa na akili zake timamu, akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: siku ile mbege haikuwa imechacha. Ulimi wake ndio uliokuwa umelala kwa pombe ya tangu asubuhi.

"Mbege hii imeiva," akasema.

Vigelegele vikaanza. Akainua mkono, vikakatika.

"Imeiva. Sijawahi kushika iliyoiva hivi. Mama Shose, mikono yako ibarikiwe. Aliyechacha ni mwonjaji."

Akainama, akaiweka kata chini.

Kata ya baraka haiwekwi chini, hata mtoto alilijua hilo.

"Sina vidonda vya tumbo," Ndekirwa akaendelea. "Niliwadanganya. Mimi ni mlevi. Nimekuwa mlevi mwenye cheo. Mjukuu wangu hakuanguka mferejini kwa utelezi, nilimwangusha mimi, na ubao ulikuwa mkavu. Nikiweka hii mdomoni nitaimeza. Ninajijua. Nitaimeza, na kesho nitaifuata nyingine."

Mtu mmoja akacheka upande wa nyuma, akidhani ni utani. Kicheko kikamfia mdomoni.

Eliufoo akasimama. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Unatutukana! Kama wewe ni mlevi, sisi tunaokunywa nawe kila siku ni nani? Eh? Sisi ni nani?"

Ndekirwa hakuwa amekuja kumhukumu mtu.

"Basi!" Eliufoo akainama, akaiokota kata. "Desturi haimsubiri mtu. Umekataa mbele ya ukoo. Mimi ndiye babu wa mtoto huyu kuanzia leo. Aikande, mlete!"

Aikande alikuwa ameshasimama na mtoto mgongoni. Hakwenda kwa Eliufoo. Aligeuka, akatoka uani kwa hatua za haraka, akapotea nyuma ya migomba.

Ndekirwa akajua amekwisha. Alikuwa amepoteza vyote viwili, mtoto na jina, kwa sentensi chache. Akakaa chini kwenye udongo. Mkewe akaja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani. Karibu na jiko Mama Manka na wenzake walikuwa wamesimama. Hawakusogea. Walisimama tu, aone kwamba wapo.

Kisha majani ya migomba yakasogea, na Aikande akarudi.

Mgongoni alikuwa na Haika. Mkononi alikuwa na bakuli, na bakuli lilikuwa linadondosha maji.

Alipita mbele ya Eliufoo kana kwamba hapakuwa na mtu. Akapiga goti pale pale baba yake alipokaa.

"Baba, haya ni maji ya mfereji, pale pale chini ya ubao. Mwanangu alishayanywa kwa mkono wako, akapona. Mbariki kwa haya. Mimi ndiye mama yake, nimekubali."

Akamfungua Haika mgongoni, akamweka mikononi mwa babu yake.

Ndekirwa alimshika kama mtu anayeshika yai. Aikande akamshikia bakuli, naye akajaza kinywa maji yale pamoja na machozi, akampulizia mtoto kifuani. Haika alishtuka, akafikiri kidogo kama alie, kisha akacheka na meno yake mawili yakaonekana. Bibi mmoja mzee akapiga kigelegele peke yake. Wakafuata wengine.

Si wote. Eliufoo alikuwa amebaki amesimama na kata iliyojaa. Akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akaitupa chini, akaondoka bila kula.

Ijumaa ikaja. Ndekirwa alifika mapema, akapanga vile viti vidogo. Wenzake walipokaa, alisema kabla hajaulizwa.

"Paa halivuji."

"Tulijua," Mama Manka akasema.

Wakacheka, naye akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akaanza kusema lake, toka mwanzo, na hakuna aliyeguna. Alisema pia jina la yule mama aliyemwaga mbege siku ya arusi, na kwamba Jumapili atakwenda kwake kumwomba radhi.

Mvua ikashuka katikati ya maneno yake, mvua nzito ya mlimani. Mabati yakapiga kelele, lakini hata tone moja halikupita.

Ringo ndiye aliyemwona mtu nje. Alikuwa amesimama mbali kidogo na mlango, analowa, kofia ya pama imemlegea mpaka masikioni. Alipiga hatua moja mbele, akarudi nyuma. Akazunguka chumba, akarudi pale pale.

Ndekirwa akainuka, akaenda mlangoni.

Eliufoo aliinua uso. Ile sauti ya kuamuru haikuwepo. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na Ndekirwa alilijua tetemeko lile. Halikuwa la baridi.

"Nimekuja kukwambia," Eliufoo akasema, akitazama pembeni, "ng'ombe wako ameingia shambani kwangu."

Chumba kizima kikasikia. Hakuna aliyecheka.

Ndekirwa alikumbuka migomba, panga na kamba. Alikumbuka jinsi kijiji kilivyocheka msimu mzima. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake, na lilikuwa tamu kuliko mbege: *Ng'ombe gani, kaka? Si nilimuuza, wewe ukiwa shahidi?*

Akalimeza.

"Msumbufu sana ng'ombe yule," akasema. "Samahani, kaka. Ingia ukae kidogo mvua ipungue, halafu tutakwenda kumtafuta pamoja."

Eliufoo akavua kofia, akainama, akaingia. Mama Manka alikuwa ameshamwekea kiti. Yule mkuu wa ukoo akakaa, magoti yakagusa kidevu, akapewa kikombe cha chai akakishika kwa mikono miwili.

Baadaye mvua ilikatika. Hakuna aliyekwenda kumtafuta ng'ombe.

Funzo: Wengi huufikia mlango wa kupona wakiwa wamebeba kisingizio, kwa kuwa ukweli bado ni mzito kwao. Usimnyang'anye mtu kisingizio chake mlangoni, mpe kiti, naye siku moja atakitua mwenyewe. Na wewe unayezunguka nje ukitafuta la kusema, sema lolote, ila ingia.